Kwa Wambeti, Kuhusu Kipimo cha Pili

Ireri Njagi,
Shambani kwa Mzee Kithinji,
Kibirichia, Meru.

Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa dada Wambeti,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako, na mama naye anaota jua pale nje kama kawaida yake, mguu wake haujavimba tena. Mwanao Sheila yuko shuleni au wamemrudisha kwa sababu ya karo? Mvua imefika huko Siakago ama ni ile ya kudanganya vumbi? Huku imenyesha mpaka viazi vingine vinaozea udongoni kabla hatujavifikia.

Mimi nipo. Nakula, nalala, naamka.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Simu yangu niliiuza Desemba, na nitakueleza kwa nini. Ningeweza kuomba ya Mbaabu, huyu ninayekaa naye chumba kimoja, lakini ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema mtu akinisikiliza. Wewe pia hutayasikia vizuri mama akiwa karibu anauliza ni nani huyo na anasema nini. Tena ni mambo ambayo mwanamume hamwambii dada yake kwa mdomo. Kwa karatasi sikuoni, na wewe hunioni. Nitampa dereva wa lori la viazi barua hii, ataiacha dukani kwa Jumaa. Isome peke yako kwanza.

Mwaka jana, kuanzia Agosti, nilikuwa nikienda choo naona damu. Nimeandika hivyo hivyo, usikasirike. Nilifikiri ni magunia. Hapa tunachimba viazi na pia tunapakia, na gunia lenyewe ni lile la mukorino, linaloongezwa kilemba juu mpaka linapita kilo mia. Mbaabu alinicheka. "Mmbeere wewe umezoea kubeba majani," akasema, "viazi vimekupasua." Nilinunua dawa ya minyoo, kisha dawa ya vidonda vya tumbo, kisha dawa ya minyoo tena. Novemba nikaanguka kwenye mtaro. Mke wa Kithinji alinipeleka zahanati, wakapima damu wakasema imeisha, wakanituma hospitali moja ya Meru mjini.

Daktari ni mwanamke, kijana kuliko wewe. Alinieleza kwamba watapitisha mpira mwembamba wenye kamera kwa njia ya nyuma, waangalie utumbo mkubwa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kipimo hicho kinaitwa kolonoskopi. Nilimwuliza bei kabla sijamwuliza kama kinauma.

Kipimo chenyewe elfu ishirini na nane. Dawa ya kusafisha tumbo elfu moja na mia nane. Nauli mia sita, yangu na ya mtu wa kunisindikiza, kwa maana wanakuchoma sindano ya usingizi na hawakuachilii utoke peke yako. Bima ya serikali nilikuwa nimejiandikisha lakini mchango wa mwaka sikuwa nimelipa, kwa hivyo hapo sina wa kulaumu. Nilikuwa na elfu thelathini na moja, zile za mabati ya nyumba ya mama. Nikaona zinatosha na mia sita zinabaki. Hiyo ndiyo iliyokuwa bajeti yangu. Kosa lake naliona sasa. Ilikuwa bajeti ya mtu ambaye hatapatikana na kitu.

Walinipa karatasi ya masharti. Siku moja kabla ya kipimo, usile chochote, ni maji, strungi isiyo na tone la maziwa, na supu iliyochujwa. Nilifuata. Mke wa Kithinji alinichemshia strungi birika zima, nikakaa nyuma ya ghala karibu na choo tangu saa sita mchana nikinywa ile dawa ya chumvi. Tuko watu kumi na mmoja na choo ni kimoja. Mbaabu alisimama njiani akifukuza watu: "Choo kimekodishwa leo! Nendeni kwa jirani!" Njaa iliponishika nikatoa ule muguka ulionitumia, nikatafuna majani yake mpaka jioni. Dada, tangu lini muguka ukawa chakula? Mtu akishinda anatafuna nyumbani, jioni si mama husema huyu hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi?

Hospitalini nesi aliniuliza nimekula nini tangu jana. Nikasema sijala kitu. Kitu chochote? Hata tonge. Wakanichoma sindano. Nilipoamka daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda amekunja mikono.

"Mzee Ireri, huko ndani ni shamba. Nimekuta majani."

"Majani gani?"

"Wewe ndiye uniambie."

Nikamwambia labda ni muguka tu. Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Daktari hakucheka. Alisema kitu chochote kinachoingia mdomoni kikashuka, kwake ni chakula. Alisema pia kwamba muguka na sindano ya usingizi havipatani, na moyo wangu ungeweza kunigeuka pale pale mezani. Kamera haikuona kitu kwa sababu ya majani. Nikatakiwa kurudi siku ya tatu. Kwa huruma yao zile elfu ishirini na nane ziliwekwa zingoje, lakini dawa na kitanda vya siku ile vilikuwa elfu tano, na chumvi mpya ni elfu moja na mia nane. Zile mia sita zilizobaki zilimezwa hapo, na bado nilidaiwa.

Alhamisi walinipima tena, na safari hii nilikuwa safi. Walikuta vinyama viwili. Kimoja kidogo kama harage. Kingine kama ncha ya kidole gumba, kimekaa bapa kwenye ukuta wa utumbo kama uyoga uliokanyagwa. Walivitoa hapo hapo, kile kikubwa kikatoka vipande vipande, wakavitia kwenye chupa vipelekwe Nairobi vikapimwe. Nikateremka mpaka dirisha la kulipia nikijua nimemaliza.

Karani wa pale anaitwa Zuleka, mtu wa hapo Meru mjini, ana sauti ya upole lakini hesabu zake hazina upole.

"Baba, bado kuna elfu tisa na mia tano."

"Za nini? Kipimo nimeshalipa."

"Ulilipa kuangaliwa. Hizi ni za kilichoonekana."

"Na ningemwambia daktari akiache hapo hapo?"

Akanitazama. "Ungemwambia vipi na ulikuwa umelala?"

Basi Kithinji akanitumia elfu kumi za kukatwa kwenye kazi, Mbaabu akatoa elfu tatu zake, na simu nikaiuza elfu tatu kwenye duka linalotazama lango la hospitali. Hiyo ndiyo habari ya simu.

Nikaambiwa nisibebe kitu kizito wiki mbili. Nikauliza kizito ni nini, daktari akasema chochote kinachozidi ndoo ya maji. Sikuwa nimeweka hilo kwenye hesabu. Kwa kibarua, wiki mbili bila kubeba ni wiki mbili bila pesa, na hakuna risiti ya hiyo. Nilikaa siku nne. Siku ya tano nikaingia chini ya gunia, na kabla ya saa nne damu ikarudi. Siku zilizobaki nilikaa na akina mama ghalani tukichagua viazi vya mbegu kwa nusu malipo. Koome, msimamizi wetu, akawa ananiita Mama Ireri. "Mama Ireri, chai imeiva?" Wengine walicheka. Mimi nilikuwa nachagua mbegu tu, kubwa huku, ndogo kule. Sikuhisi kitu.

Januari majibu yalirudi. Si kansa bado. Daktari alisema kile kikubwa kilikuwa kimeshashika njia hiyo, na kama kingeachwa miaka michache kingefika. Nikasema asante. Nikatoka nje nikanunua chapati, nikala nimesimama. Nilikuwa nangoja nifurahi au niogope. Sikupata lolote kati ya hayo, nikarudi Kibirichia kuchimba.

Lakini kwa sababu kilitoka vipande, ni lazima waangalie tena baada ya miezi sita kama kimeota upya. Kisha baada ya mwaka mmoja. Kisha baada ya mitatu. Kwa hivyo si deni la kulipwa likaisha. Ni kama karo, mtoto akimaliza darasa hili kuna lingine.

Safari hii nimepanga kama mtu aliyeumwa na nyoka. Nimeweka kipimo, nimeweka chumvi, nimeweka chupa ya Nairobi hata kama haitahitajika, nimeweka elfu moja na mia tano za kumwona daktari, nimeweka kibarua cha Mbaabu cha siku hiyo kwa sababu si haki alale njaa kwa ajili ya utumbo wangu, na nimeweka elfu nne za kukaa bila kubeba. Inakuwa elfu arobaini na tano na mia tano. Ukigawa kwa wiki za miezi sita ni elfu moja mia saba na hamsini kila wiki. Kuna wiki nimepata elfu tatu na mia sita, kuna wiki ya mvua nimepata mia tisa. Kithinji naye alikuwa anakata deni lake. Zuleka ndiye aliyenionyesha njia. "Leta kidogo kidogo hapa dirishani nikuandikie risiti," aliniambia. "Zikikaa mfukoni kwako zitakuwa sukari." Ni kweli. Pesa ikiwa hospitali hata mimi siwezi kuila. Mpaka leo nimefikisha elfu thelathini na nne.

Sasa nafika kwa jambo lililonifanya niandike.

Siku ya majibu, daktari aliniuliza kama baba yangu yu hai. Nikamwambia alikufa. Akauliza kwa nini, na mimi nikajibu kama tunavyojibu sote nyumbani, kwamba alitiliwa sumu.

"Hiyo sumu ilimfanya nini?"

Nikamweleza. Alikonda, tumbo likafunga, damu ikawa inatoka, baada ya miezi minane akaenda. Daktari akaweka kalamu chini.

"Alikuwa na umri gani?"

"Hamsini na mbili."

"Una ndugu wangapi?"

"Dada mmoja tu. Ana miaka arobaini na tano."

"Huyo dada anakuja lini?"

Alisema hawezi kuapa juu ya mtu aliyezikwa bila kupimwa. Lakini alisema sumu haiui hivyo, na ugonjwa huu hutembea ndani ya nyumba, kwa hivyo mtoto wa mtu kama yule hapaswi kungoja aumwe ndipo aje.

Habari za baba unazijua kuliko mimi, lakini naziandika ili tuzione zote kwa pamoja. Mwaka wa 2001 Ndambiri alileta pombe nyumbani kwetu kuomba mkono wako kwa kijana wake Njeru. Desturi ni kwamba mwenye pombe huionja kwanza mbele ya watu, ndipo mwenye boma ajue ni salama. Ndambiri alikuwa ameokoka mwaka ule, hakutaka kugusa pombe, akaimimina kwenye pembe ya kunywea akampa baba hivyo hivyo. Baba akanywa. Mwezi mmoja baadaye alikuwa hawezi kukaa shambani mpaka saa sita. Alipokufa, kila mtu akakumbuka jambo moja tu, kwamba Ndambiri hakuonja.

Tangu siku hiyo hatujachukua moto kwao wala kuwapa maji. Njeru alingoja mwaka mzima. Alituma hata mchungaji wake, na mama akamwaga maji ya vyombo miguuni pa mchungaji. Sasa Njeru ana mke na watoto huko Embu, mtaa wa Majimbo, na wewe uko hapo nyumbani kwa baba unachuma muguka.

Wambeti, mimi nilijua.

Wiki tatu kabla ya ile pombe, baba aliniita nyuma ya zizi nimmiminie maji afue suruali yake mwenyewe. Wewe unajua kama baba aliwahi kufua kitu maishani mwake. Maji yalikuwa mekundu, tukamwaga, yakawa mekundu tena. Aliniambia, "Hii ni siri ya wanaume. Isifike kwa mama yako." Baada ya mazishi wazee walikaa, na mzee mmoja akauliza wazi kama kuna mtu aliyemwona Njagi akiwa mgonjwa kabla ya siku ya pombe. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na miaka kumi na saba, karo imeisha, baba amezikwa juzi, na maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa ni hayo ya siri. Nikanyamaza. Nilidhani namheshimu. Kisha mwaka ukapita, na ukinyamaza mwaka mmoja unakuwa huna tena mahali pa kuanzia.

Naomba unisamehe. Sijui kuandika zaidi ya hapo. Nimeketi na kalamu hii tangu watu watoke kanisani, nikidhani nitalia nikifika hapa, na sijalia. Mkono umechoka tu. Ukitaka kunichukia nichukie, lakini nenda hospitali kwanza.

Kwa sababu najua unajiona salama. Moyoni unasema baba aliuawa na pombe, na wewe pombe ile hukuigusa. Mimi pia nilijiona salama hivyo hivyo kwa miaka ishirini na mitatu.

Na tena nimesikia. Pasaka nilipoomba simu ya Mbaabu, ni Sheila aliyepokea. Aliniambia umenunua dawa ya minyoo mara ya tatu, na ukitoka kisimani unakaa chini mara mbili kabla ya kufika nyumbani. Nikamwuliza kama kuna damu. Mtoto akanyamaza. Kisha akasema, "Anko, niulize kitu kingine." Usimgombeze. Hakusema kitu. Lakini mimi kunyamaza kwa namna hiyo nakujua.

Sasa pesa. Sitakudanganya kwamba nitakulipia. Nimefikiria kukupa zile elfu thelathini na nne, nimezifikiria siku tatu nikichimba. Nimeona nikikupa, mimi sitaangaliwa, na kama kile kinyama kimeota tena hakutakuwa na mtu wa kumlipia mwenzake chochote mwaka ujao. Kwa hivyo zangu ni zangu. Usinione mbaya. Lakini nitakuonyesha zako ziko wapi.

Zako ziko kwenye mistari yangu ya muguka, ile kumi na minane ya upande wa mto. Yule mchuuzi anayenunua kwenu kila Alhamisi aliwahi kutaka kuikodi kwa mwaka mmoja na kulipa mbele elfu thelathini. Nilikataa kwa sababu mtu wa kukodi huchuma mpaka matawi machanga, na miti ikirudi mikononi mwako imebaki vijiti. Mwambie achukue. Mwonyeshe barua hii ukitaka, ukurasa huu tu. Miti itaharibika. Acha iharibike.

Hizo elfu thelathini zinatosha kipimo na chumvi. Lakini usifanye kosa langu. Weka bajeti ya mtu atakayepatikana na kitu. Uza yule beberu mkubwa na majike mawili, upate elfu tisa na mia tano za chupa na nauli ya kuja na kurudi. Wasipokuta kitu, utarudi nyumbani na pesa hizo na utanunua mbuzi wengine. Bima nayo, kama umelipa, njoo na kitambulisho tuulize dirishani inakata nini. Mimi sikuahidi, tutauliza.

Najua Embu ni karibu zaidi, na kamera kule ziko. Lakini daktari huyu ana faili langu na habari za baba, na amesema tukija pamoja atatuona sote wawili kwa zile elfu moja na mia tano za mtu mmoja. Mbaabu naye atasindikiza wawili kwa kibarua cha siku moja. Aliuliza tu kama wewe ni mnene. Nikasema hapana. "Basi nitawaweza," akasema. "Mmoja mkono huu, mmoja mkono huu. Watu wa Meru watasema Wambeere wamelewa asubuhi."

Njoo Jumamosi, tarehe 14 Juni. Utalala kwa mke wa Kithinji, nimeshamwomba, na Jumatatu utakunywa chumvi yako kwake, choo chao ni kizuri kuliko chetu. Kuanzia Ijumaa usile ndengu wala mtama wala kitu chenye mbegu. Muguka usiutie mdomoni hata jani moja siku hizo zote, hata ukiwa unachuma, hata kuonja kama ni mtamu. Beba leso mbili na sketi isiyobana. Mama mwambie unakuja kuniona. Si uongo.

Hilo la Ndambiri ni langu. Julai kazi ikipungua nitakuja Siakago, nitawaita wazee waliobaki na nitasema mbele yake kile nilichopaswa kusema siku ile. Mama atanikasirikia, na ana haki. Wewe usilibebe. Lako ni hospitali.

Nisalimie mama, umwambie mabati yatachelewa. Nisalimie Sheila, asome, asije akashika jembe la watu. Nisalimie shangazi Eunice na watu wake wote, na Jumaa wa dukani, umshukuru kwa kukuwekea barua.

La mwisho ni hili. Jina lako nimeshaliandikisha, Jumanne tarehe 17 Juni, wewe saa mbili asubuhi na mimi saa nne. Zuleka aliniuliza mara mbili kama nina hakika utakuja, kwa sababu nafasi ni chache na kuna watu wanazingoja. Nikamwambia aandike. Pale hawaiti kwa namba. Nesi husimama mlangoni akaita kwa sauti, jina lako na la baba. Nitakuwa nimekaa kwenye benchi atakapoita Wambeti Njagi. Huita mara tatu, kisha anaita mtu mwingine.

Mungu akutie nguvu za safari, na akufikishe kabla ya mara ya tatu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda,
Ireri